Dosie Iliyomficha Mama

Vumbi likipashwa moto ndani ya kompyuta lina harufu yake. Si ya moshi, si ya udongo, bali inafanana kidogo na pasi ya makaa iliyoachwa muda mrefu juu ya kitambaa. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kiduka cha fotokopi hapa Kabambare, ninakokaa sasa, nikisubiri karatasi za Faida, mdogo wangu wa mwisho. Mwenye duka akawasha mashine yake ya zamani, feni ikakoroma, na harufu ile ikanifikia kabla kioo hakijawaka. Nikashika meza.

"Mama, iko homa?" akaniuliza.

"Hapana. Ni mashine yako. Inanuka kama kwetu."

Alicheka, akidhani naidharau mashine yake. Sikumweleza. Lakini ninyi mliokua wakati mmoja nami, mkakulia kwenye mitaa ambako kompyuta ilikuwa moja tu na watu walipita dirishani kuichungulia, nadhani mtanielewa.

Yetu ilifika Kasongo juu ya pikipiki, imefungwa ndani ya godoro la sponji kama mgonjwa. Papa alikuwa katibu kwenye shule moja ya kanisa, na baada ya kazi aliwaandikia watu barua na maombi nyumbani. Aliiweka chumbani mwake na kuifunika kwa kitenge cha mama. Juu ya bati kulikuwa na plake, yaani paneli ya umeme wa jua, na chini ya meza batri ya gari. Nguvu zake zilitosha saa moja hivi, na jua likiwa hafifu hazikutosha hata hiyo. Papa alipoiwasha, sisi watatu tulikaa chini kwenye mkeka nyuma yake tukinusa lile vumbi. Nilikuwa mkubwa. Baada yangu alikuwa Dido, na baada ya Dido ni Faida, ambaye mama alifariki akimwacha bado hajaota jino.

Siku moja papa alikwenda kuoga akaiacha mashine ikiwaka. Nilikaa kwenye kiti chake. Nilitaka tu kusikia vile vibonye vinavyolia. Sijui niligusa nini, lakini matokeo ya darasa zima la wanafunzi yalitoweka mbele ya macho yangu kama maji yanavyonyonywa na mchanga. Papa hakunipiga. Aliyaandika upya kwa siku tatu, na siku ya nne akaniita.

"Kuya hapa. Unaona? Nimewatengenezea mulango wenu." Kioo kilionyesha vijisanduku viwili. Kimoja kiliandikwa Watoto na kingine jina lake. "Kwenu muko na kuchora, muko na karata. Kule kwangu kuko kazi ya watu. Ukitaka kitu cha kwangu, unaniomba. Nitakupa."

Kweli alinipa kila nilipoomba. Mara nyingi nilichoomba kilikuwa kile kile, picha za mama. Papa alikuwa amezihamisha kutoka kwenye simu yake kabla simu haijaanguka mtoni Lualaba siku alipokuwa akivuka kwa mtumbwi. Aliandika neno lake la siri huku amefunika vidole kwa mkono wa pili, kisha akafungua dosie, yaani ule mfuko wa rangi ya njano unaobeba mafaili ndani yake, na mama akatokea. Faida alikuwa bado mdogo sana. Alilala usingizi mgongoni mwangu wakati sisi tukimtazama mama.

Papa aliugua majuma mawili tu. Sitasema mengi juu ya hilo. Baada ya mazishi niliacha shule, nikiwa darasa la sita, kwa sababu Faida alihitaji mtu wa kubaki naye na Dido alihitaji mtu wa kumpeleka shule. Mama mmoja jirani alikuja kulala kwetu. Mashine ilibaki chini ya kitenge, na kwa miezi mingi hakuna aliyeigusa.

Faida ndiye aliyeifufua. Alikuwa ameanza maswali. Katika nyumba nzima hakukuwa na picha ya mama kwenye karatasi, ila kadi yake ya uchaguzi. Kadi hiyo ilifuliwa mara moja ndani ya mfuko wa nguo, na sura ikafutika ikabaki kivuli cha kijivu, kichwa bila uso. Faida aliipata ndani ya kopo. Alizunguka nayo siku nzima, halafu akaja jikoni nilipokuwa natwanga sombe, majani ya muhogo.

"Yaya," akaniita kama tunavyomwita dada mkubwa, "mama hakuwa na macho?"

"Alikuwa nayo."

"Hapa hayako."

"Ni kadi imeharibika. Mama alikuwa na macho mazuri."

Hakuniamini. Jioni nilimsikia akimweleza Dido kwamba mama alikuwa mtu wa kijivu, hakuona njia, ndiyo maana akapotea. Dido, aliyekuwa na miaka minane na mdomo mrefu, akamjibu, "Weye pia utakuwa wa kijivu usipooga." Faida akalia. Nikaamua kwamba lazima aone uso wa mama. Kwa miezi iliyofuata sikutaka kitu kingine chochote.

Nilimwomba fundi Ramazani, aliyetengeneza radio na kompyuta pembeni ya soko, aje nyumbani. Mashine ilidai neno la siri la papa, na papa hakumwachia mtu. Fundi akasema dawa ni kuifanya mashine upya.

"Vitu vya papa yenu vibaki ao vitoke?"

"Vibaki."

Aliichukua, akairudisha siku ya pili. Ilikuwa safi, na vile vijisanduku viwili havikuwapo tena. Sikumngoja mtu. Niliwatuma wadogo zangu kisimani, nikatafuta ndani ya mashine mpaka nikaiona dosie ya papa yenye jina lake. Nikabonyeza mara mbili.

Kifaransa changu kilikuwa cha darasa la sita, lakini kilitosha. *Accès refusé*, kuingia kumekataliwa. Chini yake mashine ilieleza kwamba sina ruhusa ya kuingia, na kwamba ruhusa hiyo hutolewa na mwenye dosie.

Mwenye dosie alikuwa papa.

Nawaomba msinicheke. Mtoto husoma alichoandikiwa, na mimi niliona nimeandikiwa. Nani mwingine aliwahi kuharibu kazi ya papa ndani ya mashine ile? Aliniambia niombe, na mimi niliingia bila kuomba. Nilifunika mashine na kitenge, nikakaa kitandani kwake. Niliona kwamba amenikataa, na kwamba kama hataki nifungue picha, basi hataki pia niwe mkubwa wa nyumba yake. Fundi alikuwa dakika chache tu kwa mguu, lakini sikurudi kwake, kwa sababu fundi hutengeneza mashine, na mimi sikuona ubaya wowote wa mashine. Wadogo zangu niliwaambia picha bado zimelala.

Kwetu, vitu vya marehemu havifunguliwi kabla ya matanga kumalizwa. Na anayevifungua si mtoto. Ni dada ya marehemu. Anakaa mbele ya sanduku, anamwita ndugu yake, anamweleza nani anaomba nini, kisha anafungua. Nikaanza kuelewa mambo kwa namna yangu. Matanga ya papa yalikuwa bado kumalizwa. Basi papa hakukosea kukataa. Ilibidi tumngoje shangazi.

Shangazi alitoka Wamaza wakati wa kiangazi, juu ya pikipiki, na kuku wawili wamefungwa kwenye usukani. Alikuwa dada mkubwa wa papa, mwanamke mrefu ambaye hakuinama hata kwenye mlango wetu mfupi. Mlango ndio uliomgonga. Tulimaliza matanga kwa chakula na maombi. Kesho yake asubuhi alifungua sanduku la papa, akatoa shati kwa shati, moja kwa Dido, jingine kwa jirani. Alipomaliza, akatugeukia.

"Faida nitaenda naye Wamaza. Wawili mutabaki hapa, jirani atawaangalia. Mutoto wa kike mudogo hawezi kulelewa na mutoto wa kike mudogo."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayepanga mizigo. Sikujibu, kwa kuwa hakuwa ameniuliza. Nilifikiri tu kwamba Faida ataondoka bila kumwona mama, na huko Wamaza ataendelea kusema mama alikuwa wa kijivu.

"Shangazi," nikasema, "iko sanduku lingine."

Nilimwonyesha mashine. Nikamweleza yote, matokeo ya shule niliyoyafuta, ile milango miwili, picha, na namna papa alivyonikatalia kwa maandishi. Alisikiliza mikono ikiwa kiunoni.

"Ameandika yeye mwenyewe?"

"Ndiyo. Iko ndani."

Akavuta kiti. Akavua viatu kama alivyofanya mbele ya lile sanduku la nguo, akaweka mikono magotini, akazungumza na kioo.

"Mudogo wangu. Ni mimi. Matanga yako tumemaliza jana, kuku wamechinjwa, watu wamekula. Hakuna mwenye kulalamika, isipokuwa Dido, amesema paja lake lilikuwa dogo. Mutoto wako mukubwa alikukosea, amekubali kosa. Mutoto wako mudogo anataka kumwona mama yake. Mimi ndiye ninakuomba. Utufungulie." Akanitazama. "Bonyeza."

Nikabonyeza. *Accès refusé.*

"Amesema nini?"

"Amekataa."

Uso wa shangazi ulibadilika, na mara ya kwanza nikaona kwamba na yeye alikuwa amefiwa. "Mimi?" akasema taratibu. "Mimi niliyemubeba mugongoni mpaka darasa la pili? Ananikatalia mimi?"

"Labda haiko papa," Dido akasema kutoka mlangoni. "Labda ni mashine tu."

"Nyamaza," tulimwambia wote wawili pamoja.

Lakini shangazi hakuwa mtu wa kukataliwa akalala. Alitoa nyaya, akafunga kile kisanduku cha mashine ndani ya kitenge, akakiweka kichwani. Dido alibeba kioo, mimi nikambeba Faida. Njia nzima kuelekea sokoni watu walitusalimu.

"Mama, umebeba nini hivyo?"

"Mudogo wangu," shangazi alijibu bila kusimama. "Amekataa kusema na mimi. Ninamupeleka kwa fundi."

Fundi Ramazani aliunganisha mashine kwenye meza yake katikati ya radio zilizofunguliwa matumbo. Nilimwonyesha dosie ikinikataa. Hakushangaa hata kidogo. Akabonyeza upande wa pili wa kipanya, akafungua kidirisha kimoja, kisha kingine ndani yake, akaweka kidole kwenye kioo.

"Hapa ndipo mashine inaandika dosie ni ya nani. Soma."

Nilitafuta jina la papa. Halikuwapo. Kulikuwa na herufi moja, kisha namba, namba ndefu isiyokwisha.

"Hii ni nini?"

"Ni papa yenu. Mashine haishiki watu kwa jina, inawashika kwa namba. Zamani ilikuwa na orodha, namba hii ni fulani. Nilipoifanya upya, orodha ilifutika. Vitu vyake vimebaki, lakini mashine haimujui tena. Inajua tu kwamba vitu hivi ni vya namba hii, na namba hii haiko na mutu. Basi inakatalia kila anayekuja. Mimi pia ingenikatalia. Ao askofu." Akakuna shingo. "Kosa ni yangu. Siku ile nilipaswa kubadilisha mwenye dosie, nikasahau. Mungerudi kesho yake tu. Juu ya nini hamukurudi?"

Nikasema, "Nilifikiri ni papa."

Fundi aliweka bisibisi chini. Nadhani alitaka kucheka, akaona uso wa shangazi, akaacha.

Mimi nilikuwa naitazama ile namba. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimesimama mbele ya mlango nikijua papa yuko upande wa pili, amekasirika, lakini yuko. Sasa niliambiwa hakukuwa na mtu aliyenikataa. Nilifurahi, na hapo hapo nililia, kwa sababu kama hakukuwa na mtu wa kunikataa, basi hakukuwa na mtu. Siku ya mazishi sikulia hivyo. Dido alinipa ncha ya shati lake jipya, lile la papa, lililomfika magotini, nijifute.

"Tuandike mwenye mupya," fundi akasema. "Jina gani?"

Nilimgeukia shangazi, kwa kuwa ndiyo desturi. Yeye mwenyewe alikuwa amefungua mdomo kutaja jina lake. Akaufunga. Alitazama kisanduku, akanitazama mimi na Faida mgongoni.

"Mimi ninarudi Wamaza," akasema. "Mashine inabaki na nani? Andika ya mukubwa."

Fundi alinisogezea vibonye. Niliandika jina langu kwa kidole kimoja, nikiogopa kila herufi. Akaniambia niweke alama kwenye kile kisanduku kidogo kinachosema "na vyote vilivyomo ndani". Nikaweka. Majina ya mafaili yakaanza kupita mbio, barua za watu, maombi ya kazi, orodha za wanafunzi, na katikati yake, haraka sana, nikaona mama, mama, mama. Nikabonyeza dosie. Ikanikataa.

"Ah," shangazi akasema.

"Polepole," fundi akasema. "Ameshakuwa mwenye. Lakini mwenye naye lazima ajipe ruhusa. Mashine haifikirii kwa niaba ya mutu." Akanionyesha pa kubonyeza, nikajipa ruhusa yote, ya kusoma, ya kuandika, na ile ya kufuta pia, ambayo mkono wangu uliisitia. Tukafunga vidirisha vyote. Nikajaribu tena.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mikono imejaa majani ya muhogo, anacheka na mtu aliyeshika simu. Ilikuwa picha ya kwanza. Ya pili alikuwa na mtoto mchanga kifuani. Nilimshusha Faida, nikamsimamisha juu ya kiti cha fundi. Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo, akaweka kidole kwenye jicho moja, kisha kwenye la pili.

"Iko nayo," akasema. "Mbili."

"Ni nani huyu mutoto?" shangazi akamwuliza.

"Ni mimi," Faida akasema, bila kufundishwa na mtu.

Nyumbani nilifungua kila faili ndani ya dosie ile, siku kwa siku, saa moja ya batri kila mara. Nilitafuta kama papa aliniachia neno. Hakuniachia. Kulikuwa na kazi za watu tu, zimepangwa vizuri.

Asubuhi ya kuondoka, pikipiki ilikuwa tayari mbele ya nyumba, na nguo za Faida ndani ya mfuko wa shangazi. Shangazi alipanda, akashuka. Akarudi mpaka mlangoni nilipokuwa nimesimama, akasimama upande wa nje wa kizingiti, kama mgeni.

"Kwa fundi, mbele yangu, umeandikwa mwenye," akasema. "Basi ninakuomba Faida. Nitaenda naye Wamaza. Atakula vizuri, atasoma. Unasema nini?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniomba kitu na kungoja jibu. Motari, yule dereva wa pikipiki, alizima moto wa injini ili asikie. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, sikuwa na shule, na sombe ya siku ile ilikuwa bado kutwangwa.

"Hapana, shangazi."

"Unakataa?"

"Ninakataa. Uje kumwona siku yoyote. Lakini anabaki kwetu."

Shangazi akafungua mfuko, akatoa magauni matatu ya Faida moja baada ya jingine, akayaweka juu ya mkono wangu.

"Kweli weye ni mutoto wa mudogo wangu," akasema, akapanda pikipiki.

Tangu hapo alikuja kila kiangazi. Hakuingia ndani kwanza. Alisimama nje ya kizingiti, akauliza, "Ninakuomba Faida, unasema nini?" Nikamjibu hapana, ndipo akaingia, akagonga kichwa, akala. Sijui kama kweli alitaka jibu lingine. Miaka ya mwisho tulicheka sote watatu. Mashine ilikufa zamani, lakini picha tulizitoa kwenye karatasi, na mama yuko ukutani hapa Kabambare, mikono yake imejaa majani.

Karatasi nilizokuwa nazo kwenye kile kiduka ni za Faida kujiandikisha masomo Kindu, mbali na nyumbani. Mpaka usiku wa kuamkia siku ile alikuwa bado hajaniambia kwamba anataka kwenda. Asubuhi alitoka nje, akasimama upande wa pili wa kizingiti, mikono kiunoni, mrefu kama shangazi.

"Yaya," akasema, "ninakuomba Faida. Unasema nini?"

Nikamwambia ndiyo. Kisha nikaenda kutafuta fotokopi.